MAJIGAMBO YA KARAGWE: NANI MWENYE ASILI, NANI MWENYE UHALALI?

1.0 UTANGULIZI

Makala haya yanazungumzia majigambo, yaani ile sanaa ambayo shujaa husimama mbele ya watu, mkuki mkononi, akajitaja kwa jina lake la sifa na kueleza aliyoyatenda au atakayoyatenda vitani. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, sawa na majirani zao Wahaya, huiita sanaa hii ebyebugo au ebyevugo, kutegemea umesimama kwenye kilima gani. Swali langu ni la kihistoria na la kihakiki kwa pamoja: sanaa hii ya vita ilitoka wapi, na nani mwenye haki ya kusema kwamba ni yake?

Ukiliuliza swali hili katika mazungumzo ya wanafunzi wa fasihi wanaotoka Kanda ya Ziwa, utapata majibu matatu kabla hujamaliza chai yako. Mwenzetu aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Kagera atakwambia kwamba majigambo ni mali ya Wahima wa Ankole, sisi tumeazima tu. Mwenzetu wa Bukoba atasema ni ya Wahaya, na eti Mnyambo ni Mhaya aliyekwenda kuchunga mbali akasahau kurudi. Mnyambo naye, hasa akiwa wa koo zilizokaa karibu na watawala, atasema kwamba yalikuja na Ruhinda mwenyewe, mwasisi wa utawala wa Bahinda katika Karagwe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi ni Mnyambo wa upande wa Kyerwa, kwa hiyo nami nina upande wa kuvutia. Msomaji anihukumu kwa hoja zangu.

Labda msomaji atauliza: ugomvi wa nani alianza una faida gani? Jibu langu ni kwamba kwetu sisi neno asili halikuwahi kuwa neno la semina tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara ndani ya siku mbili tu. Karagwe nayo ikapata makambi yake, kama vile Chabalisa na Kagenyi. Watu hao walikuwa wanatoka katika nchi ambayo swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikuwa limegeuzwa kuwa panga. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, iliyowalenga waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu katika Kagera na mikoa ya jirani. Swali la "babu yako alitoka wapi?" likawa na uzito wa kumtoa mtu kwenye migomba yake. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba sanaa fulani ni halali kwa sababu ya asili yake, na nyingine si halali kwa sababu imetoka kwa jirani, sisi wa huku tunatakiwa kusikiliza kwa makini.

Hoja yangu kuu ni hii: asili ya majigambo haiwezi kufungiwa ndani ya ufalme mmoja wala kabila moja, na wanaoifungia humo huwa wana haja yao. Uhalali wa majigambo tuutafute mahali pengine, yaani katika hadhira iliyosimama pale na kusikiliza.

2.0 SANAA YENYEWE

Kabla hatujagombania mtoto, tumtazame sura. Jina lenyewe linaeleza mengi. Katika Kinyarwanda kuvuga ni kusema, na kwivuga ni kujisema, kujitaja kwa sifa. Utungo wenyewe ni icyivugo. Katika Kinyankore ni ekyevugo. Kwetu na kwa Wahaya ni ekyevugo au ekyebugo. Kiswahili cha wataalamu nacho kimelichukua neno hilohilo, kikatupa kivugo, ambalo linasimama sambamba na majigambo katika vitabu vya nadharia ya fasihi simulizi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lindi au Pemba anayeandika neno kivugo katika karatasi ya mtihani anatumia neno la wachunga ng'ombe na wapiga mikuki wa Maziwa Makuu, hata kama hajui.

Fani ya majigambo ina sifa chache zinazojirudia. Ya kwanza ni nafsi: anayesema ni "mimi". Hapa ndipo majigambo yanapotengana na utondozi, ambapo mtu humsifu mtu mwingine au kitu. Ya pili ni jina la sifa, ambalo mara nyingi kwa wanaume huanza na Ru- au Rwa-, na ambalo hubeba tendo ndani yake: yule asiyerudi nyuma, yule avunjaye ngao, na kadhalika. Ya tatu ni kasi. Mstari husemwa kwa haraka, karibu kwa pumzi moja, kisha msemaji hupumua na hadhira huitikia. Ya nne ni mwili: mkuki au fimbo hunyanyuliwa, mguu hupiga ardhi, jicho hukaza. Aliyesoma majigambo kwenye karatasi tu ni kama aliyenusa pombe ya ndizi akasema amelewa.

Kutokana na sifa hii ya mwisho, wahakiki wetu wamevutana kuhusu mahali pa kuyaweka. Mulokozi katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989 aligawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Wanaoona lugha ya kivugo kuwa ndiyo moyo wake humpeleka kwenye ushairi, upande wa maghani. Wanaofuata mkondo wa sanaa za maonyesho, uliopewa nguvu na kitabu cha Muhando na Balisidya cha mwaka 1976, humpeleka kwenye maigizo kwa sababu kuna mtendaji, uwanja, tendo na watazamaji. Wanafunzi wa sekondari hukutana na yote mawili na kuchanganyikiwa. Kwa mtazamo wangu ugomvi huu unatokana na kuiangalia sanaa ya vita kwa macho ya maktaba. Mnyambo aliyekuwa anajigamba mbele ya Omukama hakuwa anaghani na hakuwa anaigiza. Alikuwa anaapa. Kesho yake alitakiwa kwenda kuyafanya aliyoyasema.

3.0 MADAI MATATU YA ASILI

Dai la kwanza ni la Ankole. Nguvu yake kubwa ni kitabu. Mwaka 1964 H. F. Morris alichapisha huko Oxford mkusanyo wa majigambo ya Wahima wa Ankole, pamoja na tafsiri na maelezo. Ni kazi nzuri, na yeyote anayechambua majigambo ya ukanda huu hawezi kuiruka. Lakini kuchapishwa mwanzo si kuzaliwa mwanzo. Kwa kipimo hicho, Wahaya nao wangedai umiliki tangu Rubanza alipotoa kitabu chake juu ya majigambo, ebyebugo, mwaka 1994. Tukienda hivyo, historia ya fasihi simulizi itakuwa historia ya nani alipata mchapishaji mapema. Wanyambo tusingekuwa na babu hata mmoja.

Pia tukumbuke kwamba mpaka wenyewe ni mtoto. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulichora mstari kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta, magharibi ya Ziwa Viktoria, na baadaye sehemu ya Mto Kagera ikatumika kuwatenganisha watu waliokuwa wakivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kununua ng'ombe na kuzika. Mtu akisimama Murongo leo anaiona Uganda kwa macho. Kusema kwamba utanzu fulani ni "wa Uganda" au "wa Tanzania" ni kuupa pasipoti kitu kilichozaliwa kabla ya pasipoti.

Dai la pili ni la ikulu. Masimulizi ya Karagwe yanasema kwamba kabla ya Bahinda alitawala Nono wa ukoo wa Basita, kisha akaja Ruhinda, anayesemwa kuwa mwana wa Wamara wa Bachwezi, akachukua nchi. Kwa wanaoshika dai hili, ushujaa na sanaa zake vilikuja na Ruhinda. Israel Katoke, katika kitabu chake cha historia ya ufalme wa Karagwe kilichotoka Nairobi mwaka 1975, alituonyesha jinsi masimulizi haya yalivyo muhimu kwa kuelewa utawala ulivyojieleza. Sawa. Lakini kuna kikwazo cha wazi. Icyivugo kipo Rwanda, na Rwanda haikutawaliwa na Bahinda. Ilitawaliwa na Banyiginya. Sasa kama majigambo yalikuja na Ruhinda, Wanyarwanda waliyapata kwa nani? Jibu jepesi ni kwamba Ruhinda aliyakuta. Watawala wapya waliingia katika nchi ambayo tayari ilijua kujigamba, wakakaa kwenye kiti, wakajigamba kuliko wote.

Dai la tatu ndilo baya zaidi, nalo lina mwandishi. John Hanning Speke aliingia Karagwe Novemba 1861, akapokewa vizuri na Omukama Rumanika huko Bweranyange, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaeneza nadharia kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi, kwa hiyo ni watu wa asili nyingine na bora kuliko wakulima waliowatawala. Alimsimulia hata Rumanika mwenyewe kwamba ukoo wake unaunganika na Wahabeshi na Mfalme Daudi. Jamani! Mtu amekaribishwa, amelishwa, halafu anamgawia mwenyeji wake babu mpya. Nadharia hii ya Wahamiti ilichukuliwa na wakoloni na baadhi ya wamisionari, ikafundishwa shuleni, na kila kitu kilichoonekana cha kishujaa au cha kistaarabu kikasemekana kimetoka kaskazini. Majigambo nayo yakaingizwa kwenye kapu hilo: sanaa ya "wavamizi", haiwezi kuwa ya wakulima wa migomba. Huko Rwanda kasumba hiyo ilipogeuzwa kichwa chini, matokeo yake tunayajua.

Isimu inatusaidia kuyavunja madai yote matatu kwa pigo moja. Kinyambo, Kihaya, Kinyankore, Kikiga, Kizinza na Kinyoro ni lugha za kundi moja, ambalo wataalamu hulitaja kama Rutara. Kinyarwanda na Kirundi ziko tawi jingine la Kibantu cha Maziwa Makuu. Neno la kujigamba lipo pande zote mbili, na ni neno la Kibantu kwa mzizi na kwa muundo wake: kusema, pamoja na kiambishi cha kujirejea. Ama ni urithi wa pamoja wa tangu zamani, ama limesafiri mapema sana kutoka tawi moja hadi jingine. Vyovyote vile, halikutoka Uhabeshi na halina mwenye hati moja.

4.0 FUNZO KUTOKA URUSI

Hebu nitoke kidogo nje ya Kagera, maana tatizo hili si letu peke yetu. Urusi kuna sanaa ya mapigano iitwayo sambo, jina linalotokana na maneno ya Kirusi yenye maana ya kujihami bila silaha. Tarehe 16 Novemba 1938 serikali ya Kisovieti iliutambua rasmi kama mchezo. Mtu aliyetajwa kwa miaka mingi kuwa mwasisi wake ni Anatoly Kharlampiev, na hadithi iliyoenezwa ni kwamba sambo ilikusanywa kutoka kwenye mieleka ya jadi ya mataifa ya Kisovieti: Wageorgia, Watatari, Waarmenia na wengineo. Ni hadithi nzuri. Ina wananchi, ina umoja, ina jadi.

Lakini palikuwa na mtu mwingine. Vasili Oshchepkov, mzaliwa wa kisiwa cha Sakhalin, alisoma katika seminari ya Kiorthodoksi huko Japani, akaingia shule ya judo ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1911 na kupata mkanda mweusi mwaka 1913. Alirudi kwao akafundisha judo na kuiendeleza, na Kharlampiev alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwaka 1937, katika ile misako ya Stalin, Oshchepkov alikamatwa kwa tuhuma za kuijasusia Japani, akafia gerezani baada ya siku chache. Mwaka mmoja baadaye mchezo ukatambuliwa, na mwalimu hakutajwa. Hata neno judo likawa gumu kutamkwa. Oshchepkov alisafishwa jina mwaka 1957, ila nafasi yake katika historia ya mchezo ilichukua miaka mingi zaidi kurudishwa.

Je, mieleka ya jadi haikuchangia kitu? Ilichangia, mchezo ulikua kwa kukutana na mbinu za watu wengi. Je, sambo basi ni bandia? Hapana. Mchezaji wa sambo akikushika, utaanguka kweli, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mchezo huo kikamilifu. Jambo la kujifunza ni jinsi hadithi ya asili ilivyotengenezwa. Dola ilihitaji mchezo usio na deni kwa Japani, kwa hiyo tawi la Kijapani likakatwa, na mtu mzima akakatwa pamoja nalo. Asili "safi" ilipatikana kwa kumzika mwalimu.

Ukilinganisha na kwetu utaona mfanano. Bahinda walihitaji babu wa Kichwezi ili wasionekane wamemnyang'anya Nono kiti. Wakoloni walihitaji Wahamiti ili utawala wa wageni uonekane jambo la kawaida Afrika. Na sisi wanafunzi, kwa kiasi kidogo, tunahitaji utanzu usio na deni kwa jirani ili kabila letu lionekane katika kitabu. Popote ninapokutana na asili isiyo na deni kwa mtu yeyote, nauliza nani amezikwa.

5.0 NGOMA YA RUMANIKA NA KALAMU YA SPEKE

Karagwe yenyewe ina hadithi kali kuhusu uhalali. Baada ya kufa Ndagara, katikati ya karne ya 19, wanawe waligombania kiti: Rumanika, Nnanaji na Rogero. Speke ameandika aliyoyasikia pale ikulu. Ililetwa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa, kiasi kwamba asiyestahili angeiona nzito na kushindwa kuinyanyua. Ndugu walishindwa. Rumanika akainyanyua kwa kidole kidogo. Ipo pia hadithi ya pili: mfalme mteule huketi mahali fulani, ardhi ikapanda naye taratibu hadi mawinguni, na mizimu ikimkubali humshusha polepole, ikimkataa, humwachia akaanguka.

Kama wahakiki, tunaona haraka kwamba hizi ni hadithi zenye ufundi mkubwa. Uzito umehamishwa kutoka kwenye ngoma kwenda kwenye haki. Lakini historia ina upande mwingine. Rogero hakukubali matokeo, alipigana. Na Rumanika alishinda kwa msaada wa wafanyabiashara wa Kazeh, Tabora ya leo, na hasa Musa Mzuri, ambao walikuwa na maslahi yao katika njia ya pembe za ndovu. Ngoma ilikuwa nyepesi, ndiyo, lakini nyuma ya kidole kidogo kulikuwa na mkono mkubwa wa biashara. Hadithi tuliyonayo ni ya aliyeshinda. Toleo la Rogero halikufika kwa mchapaji.

Sasa tumgeukie Speke. Hutakosea ukisoma kitabu chake kama kivugo kirefu. Kina "mimi", kina safari, kina hatari, kina hata vipimo vya miili ya wake wa wakubwa wa Karagwe alivyovichukua kwa utepe, kana kwamba kupima ni kutawala. Na kilele chake ni jigambo kubwa kuliko yote: kwamba tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali ambapo Nile inatoka ziwani, akalipa lile poromoko jina la Ripon. Lakini mwenzake James Grant, ambaye alibaki nyuma Karagwe kwa miezi kadhaa akiuguza mguu, hakuwapo pia siku hiyo. Alikuwa ametumwa kwa njia nyingine kuelekea Bunyoro. Mzungu aliyeshuhudia alikuwa Speke peke yake.

Aliporudi Uingereza, Richard Burton na wengine walimbana hapohapo: nani aliona? Mjadala ulipangwa kufanyika Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Hoja yake kuhusu ziwa ilipata nguvu tu baada ya Stanley kulizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875. Tazama ajabu yake: alikuwa amesema kweli, lakini jigambo lake halikusimama kwa sababu hadhira yake haikuona shahidi. Na mashahidi walikuwapo! Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay na Waafrika wengine aliosafiri nao. Ila kwa ukumbi ule wa London, hao hawakuwa na neno. Mashahidi wako wanapohesabiwa kuwa mizigo, ushahidi wako nao unakuwa mzigo.

6.0 UHALALI WA MASHAHIDI

Hapa ndipo ninapofika kwenye pendekezo langu. Kuna aina tatu za uhalali ambazo tumeziona. Ya kwanza ni uhalali wa kuzaliwa: sanaa ni halali kwa sababu babu aliileta. Ya pili ni uhalali wa muhuri: sanaa ni halali kwa sababu serikali imeitambua, kama sambo mwaka 1938, au kwa sababu imeingia katika muhtasari wa masomo, kama majigambo yetu. Ya tatu ndiyo ninayoitetea, nayo ni uhalali wa mashahidi.

Fikiria mazingira ya kujigamba. Aliyekuwa akijigamba baada ya vita alikuwa mbele ya watu waliokwenda naye. Angeweza kupamba, aliruhusiwa kusema kwamba milima ilitetemeka. Lakini hakuweza kudai kuwa alivuka mto ambao wenzake wanajua alibaki ng'ambo yake. Na aliyejigamba kabla ya vita alikuwa anajiwekea deni, na wadai wake ndio waliokaa pale. Chuku ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na masikio ya watu. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba majigambo ni uongo uliopambwa. Methali yetu inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wapo wanaoitumia kuyashushia hadhi majigambo. Lakini methali hiyo ni ya sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi huenda hawajuani. Kwenye uwanja wa Omukama watu walijuana.

Zipo hoja mbili za kunipinga, na nizijibu.

Hoja ya kwanza: hadhira yenyewe haikuwa huru. Waliosikiliza walikuwa watu wa mfalme, na sauti zilizohifadhiwa vitabuni ni karibu zote za wanaume wenye mikuki na ng'ombe. Mkulima aliyelisha jeshi kwa ndizi zake, na mwanamke aliyezika, hawakuitwa kujigamba. Hoja hii nakubaliana nayo kwa kiasi kikubwa. Kivugo ni sanaa ya tabaka lililopigana na kutawala, na mhakiki anayeisifu bila kulitaja jambo hilo ni mgema aliyesifiwa. Lakini tuone inakotupeleka. Inatutaka tupanue hadhira, tuwahesabu na wale waliokaa nyuma. Haitutaki turudi kwa Ruhinda kutafuta hati.

Hoja ya pili: siku hizi hakuna vita vya mikuki, basi majigambo yamekufa, na yanayosikika leo ni maigizo matupu. Kweli, machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963 na hakuna Omukama wa kuapiwa. Leo utayasikia majigambo kwenye harusi, bwana anasimama na mkuki wa kuazima, mshereheshaji anamshangilia, kamera zinamulika. Utayasikia kwenye majukwaa ya kampeni. Na utayaona kwenye mtihani, pale mwanafunzi anapoambiwa atunge majigambo, naye anajiita simba aliyeua tembo mia, wakati hajawahi kumwona tembo. Je, haya ni halali?

Kwa kipimo changu jibu linatofautiana. Bwana harusi anayejigamba kwamba atamlinda binti wa watu, mbele ya wakwe watakaomkumbusha baada ya miaka kumi, amejigamba kwa halali, hata kama mkuki ni wa kuazima. Ana mashahidi na ana deni. Mgombea anayejigamba jukwaani ana mashahidi pia, tena wengi, na kazi imebaki kwao kudai. Yule wa mtihani ndiye mwenye shida, maana amefundishwa umbo bila kufundishwa deni. Na kosa si lake. Tumempa tanzu, vipera na mifano, tukamnyima uwanja.

Nadhani hata ule mjadala maarufu wa utendi ungeweza kufaidika hapa. Ruth Finnegan aliposema mwaka 1970 kwamba utendi hauonekani kuwa utanzu wa kawaida Afrika kusini ya Sahara, Mulokozi na wengine walijibu kwa kuonyesha tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa zeze la enanga, kama Kachwenyanja na Rukiza. Jibu lilikuwa sahihi na la lazima. Lakini kwa miaka mingi tulibaki tunauliza, "Je, tunacho kile walichonacho Wagiriki?" Hilo nalo ni swali la muhuri. Kivugo hakina haja ya kuomba muhuri huo. Swali lake ni gumu zaidi: aliyesema, alifanya? Na nani alikuwapo?

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kila anayedai kuwa mwenye majigambo peke yake ana kitu anachokificha: Ankole inaficha kwamba kitabu si kizazi, ikulu inaficha kwamba Ruhinda alikuta watu, na Speke alificha ujinga wake nyuma ya Uhabeshi. Sambo ya Warusi imetuonyesha bei ya asili iliyosafishwa. Majigambo ni ya wote waliojigamba na waliosikiliza, pande zote za Mto Kagera.

Lipo jambo la kufanya, na wanafunzi tunaliweza. Kyerwa iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, na jina la Rumanyika mwaka 2019 likapewa hifadhi ya taifa. Majina yanapata mabango, lakini wazee wanaojua kuyasema maneno wanapungua Kaisho, Nkwenda, Bugene na Nyaishozi. Tukienda likizo twende na kinasa sauti. Na tukimrekodi mzee, tusiandike jina la utungo na la kabila tu kama walivyofanya waliotutangulia. Tuandike pia nani walikuwa wamekaa pale, nani aliitikia, nani alicheka, na nani alisema, "Hapo umeongeza chumvi, siku ile hukuwapo." Sauti hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana Bweranyange wakati wa hadithi ya ngoma, na ndiyo ninayotaka kuisikia katika ukanda wa kwanza utakaoletwa kwenye semina yetu.